Ufunguo wa geti uko wapi saa nane usiku?

Toleo lililopita niliacha swali moja mwishoni mwa ukurasa huu: saa nane usiku, umeme umekatika, ufunguo wa geti lako uko wapi? Sikutegemea majibu. Zimekuja barua na ujumbe wa simu mpaka mhariri akaniuliza kama nimewaahidi watu zawadi. Waliojua ulipo walikuwa wachache. Mmoja wao alisema uko kwenye suruali ya mumewe, na suruali imeanikwa uani. Nimetumikia zimamoto miaka 26, Dar es Salaam na Tanga, na hiyo suruali naifahamu.

Nimechagua barua tano zenye watoto ndani yake. Vijana mnaouliza ajira za jeshi la zimamoto, subirini matangazo, mimi ni mstaafu tu.

Shikamoo afande. Nina watoto watatu, wa kwanza ana miaka 5, wawili ni mapacha wa miaka 2. Tumepanga Tabata, vyumba viwili na sebule. Madirisha yote yana grili, mlango wa mbele una geti la chuma na kufuli. Mume wangu ni mlinzi, siku nne kwa wiki analala kazini. Moto ukitokea usiku niko peke yangu, natokaje na watoto watatu? — Mama Pacha, Tabata

Marahaba, mama. Wengi huniuliza wanunue mtungi gani wa kuzimia moto. Wewe umeuliza unatokaje, ndiyo maana nimekuweka wa kwanza.

Tuanze na muda. Wenzetu wa NFPA, chama cha kinga ya moto cha Marekani, huwaambia watu wao kwamba king'ora cha moshi kikishalia, familia inaweza kuwa na dakika 2 au pungufu za kutoka. Nyumba zetu nyingi hazina king'ora, kwa hiyo sehemu ya dakika hizo inakwisha ukiwa bado unaota. Sofa za sponji, mapazia ya nailoni, magodoro, vyote hivyo vinashika haraka, na moshi wake ndio unaomaliza watu kabla ndimi za moto hazijafika kitandani.

Nilipostaafu nilijidai mtaalamu. Nikamwambia mke wangu tufanye zoezi, taa zote zimezimwa, simu inahesabu. Dakika 3 na sekunde 40. Miwani sikujua nimeiweka wapi, na kwenye kicha changu cha funguo kumi na moja, saba sikujua ni za milango gani. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo ufunguo wa geti ukae peke yake. Usiwe kwenye kicha, usiwe chini ya mto, usiwe kwenye mkoba. Pigilia msumari sebuleni, karibu na mlango, ufunguo uwe na kamba ya rangi kali (yangu nyekundu), na kimo chake kiwe pale mwanao wa miaka 5 anapofika akinyoosha mkono. Najua unachowaza: mwizi. Wezi wa Dar wanavua vitu dirishani kwa fimbo yenye ndoano kama wavuvi wa Feri. Basi msumari uwe mbali na dirisha, na mtu akichungulia kutoka nje asiuone hata taa ikiwaka. Ukipata hela kidogo, achana na kufuli kabisa. Fundi wa kuchomelea akuwekee komeo kwa ndani, alizungushie boksi la bati nene ili mkono wa nje usifike. Komeo halina ufunguo wa kupotea.

Halafu hizo grili. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo grili yake inafunguka kutoka ndani. Fundi akate kipande, akifunge bawaba, nafasi isipungue sentimita 50 kwa upana na 60 kwa kimo. Mwenye nyumba akikataa, mwite siku ya Jumapili, kisha baba watoto ajaribu kupita kwenye grili iliyopo mbele yake. Machi 2001, kule Machakos nchini Kenya, wanafunzi 67 wa sekondari ya Kyanguli walikufa bwenini. Madirisha yalikuwa na nondo na mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Sisi kazini tulilizungumza sana tukio lile, kisha jioni kila mmoja akarudi kwake kujifungia vilevile.

Sasa watoto. Zile siku nne ambazo mume yuko kazini, mlale wote chumba kimoja. Usiniambie kitanda hakitoshi, tandika godoro chini. Kuokota watoto kutoka vyumba viwili, gizani, peke yako, ni kuchezea muda usio nao. Mlango wa chumba ufungeni mnapolala. Watu huacha wazi ili wasikie, lakini mlango wa mbao uliofungwa unazuia moshi na joto kwa dakika ambazo baadaye hutaweza kuzinunua popote.

Ukiamka na kunusa moshi, gusa mlango kwa mgongo wa kiganja kabla hujafungua. Ukiwa wa moto, njia yenu ni dirisha, na ndiyo sababu ya bawaba. Ukiwa wa kawaida, fungua taratibu. Pacha mmoja kila mkono, nyuso zao begani kwako. Usihangaike kumfunga mtoto mgongoni, fundo la khanga linakataa mikono inayotetemeka. Mkubwa ashike pindo la nguo yako. Moshi ukiwa umeshuka, wote chini, mtambae. Mapacha wako wameacha kutambaa mwaka jana tu, hawajasahau.

Mikono yako yote ina watoto. Geti anafungua nani? Mipango mingi ya kwenye karatasi inafia hapo. Mkubwa anachukua ufunguo msumarini na kukupa. Unamshusha pacha mmoja katikati ya miguu yako, unambana kwa magoti, unafungua. Fanyeni mchana kwanza, halafu usiku, mara tatu nne, mpaka mkono wako uijue kufuli bila macho. Mara ya kwanza mtagombana. Ni kawaida.

Mkitoka msisimame uani. Chagua sehemu moja ambayo hata mtoto anaijua. Kwa Dar es Salaam mara nyingi ni dukani kwa Mangi. Hesabu vichwa hapo, kisha piga 114. Hakuna kurudi ndani, iwe simu, iwe vyeti, iwe hela za kikoba. Na unapopiga usiseme "Tabata karibu na mwembe". Taja kituo cha daladala, barabara ya lami iliyo jirani, na alama ya mwisho kabla ya kwenu, halafu tuma kijana mwenye tochi asimame lami aongoze gari. Usiku mmoja nilizunguka mtaa mara mbili nikiuona moshi wenyewe juu ya mapaa, nisione pa kupitisha gari.

King'ora cha moshi ukiweza nunua, kikae darini nje ya mlango wa chumba, si jikoni, utakichoka kwa makelele ya vitunguu. Ila usikitegemee kuwaamsha watoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskochi, waliwapima watoto wakiwa usingizini, na wengi mno waliendelea kulala king'ora kikilia. Kitakuamsha wewe. Wao utawaamsha mwenyewe.

Afande shikamoo. Nafanya kazi za ndani hapa Dodoma, nina miaka 20. Nalea mtoto wa miaka 3 na mwingine wa miezi 8. Bosi si mtu mbaya, mshahara ananipa. Lakini asubuhi wakienda kazini wananifungia kwa nje na kuondoka na funguo zote mpaka saa kumi na moja jioni. Juzi mafuta yalishika moto kwenye kikaango, nikafunika na sinia yakazimika. Tangu siku hiyo naogopa. Nimwambieje bosi? — Dada wa Kazi

Marahaba, binti yangu. Kwanza ulilofanya na sinia ndilo nililokuwa nikiwafundisha vijana wa jeshi. Moto wa mafuta unafunikwa, unazima jiko, unaacha kikaango kipoe palepale. Mtu akimwaga maji, yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke ghafla na kurusha mafuta yanayowaka mpaka usoni. Wewe ulijua, au Mungu alikujulisha.

Sasa naomba niseme na mama mwenye nyumba. Dada yangu, hofu yako naielewa. Unaogopa binti atatoroka, au ataleta watu. Kwangu pia aliondoka mmoja na redio. Lakini uliyemfungia mle ndani pamoja naye ni mwanao wa miezi 8, na ufunguo pekee wa kumtoa uko kwenye pochi yako ofisini, foleni ya nusu saa kutoka nyumbani. Fanya hivi: ufunguo wa akiba utie kwenye bahasha, gundisha, weka sahihi yako juu ya mdomo wa bahasha, itundike ndani pale binti anapoweza kuifikia. Kila jioni itazame. Ikiwa haijachanwa, roho yako itulie. Siku ya moto ataichana, na hutamuuliza kwa nini. Ufunguo mwingine mpe jirani anayeshinda nyumbani.

Binti yangu, mpaka hapo bahasha itakapopatikana, sikiliza kisa kimoja. Tuliitwa saa nne asubuhi kwenye nyumba iliyofungwa kwa nje kama hiyo yako. Jiko na sebule vilikuwa vinawaka. Majirani walikuwa wanagonga kufuli kwa mawe. Binti wa kazi, mdogo kuliko wewe, aliwavuta watoto wawili mpaka chumba cha mwisho, akafunga mlango, akalowesha khanga kwa maji ya kunywa yaliyokuwa kwenye jagi, akaisokomeza chini ya mlango. Kisha akapanda kitandani na kumsimamisha mdogo kwenye nondo za dirisha, uso nje, huku akipunga shuka. Tulipokata zile nondo walikuwa weusi kwa masizi na wanapumua wote watatu. Hakufundishwa na mtu. Wewe leo umefundishwa: chumba cha mbali na jiko, mlango umefungwa, kitambaa kibichi chini yake, dirishani mnapumua na mnaonekana. Na simu yako iwe na chaji muda wote. 114 haikati salio.

Kama huna pa kuanzia kumwambia, mwachie ukurasa huu mezani, kando ya chupa ya chai.

Mzee, mimi ni bodaboda Tandika. Nimepanga chumba nyumba ya Kiswahili, na mke na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Usiku naingiza pikipiki ukumbini, na wenzangu wawili wanaingiza zao, maana nje wataiba na mimi bado niko kwenye mkataba. Mwenye nyumba anasema ni hatari. Naona ananionea tu. — Wa Mkataba

Hakuonei, kijana, ingawa sina raha kumuunga mkono mwenye nyumba. Pikipiki tatu ukumbini ni matangi matatu ya petroli kwenye njia pekee ya vyumba sita. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kama paka. Huuoni kwa macho. Unautambua siku mvua imenyesha, akina mama wamehamishia majiko ya mkaa ndani, na mvuke umefika lilipo jiko. (Na hayo majiko ya mkaa yasilale ndani kamwe, gesi yake haina harufu na inaua mtu akiwa usingizini.)

Siwezi kukuambia uache pikipiki barabarani iibiwe, mkataba utaulipa wewe, si mimi. Chimbieni uani nondo nene yenye pete, mwagieni zege, nunueni mnyororo mmoja mrefu na kufuli nzuri, mfunge zote tatu pamoja. Wapangaji wote wachangie, maana ukumbi ni wa wote. Koki ya mafuta ifungwe kila usiku. Na mvua ya kwanza isiwe sababu ya kuzirudisha ndani, nunueni turubai.

Halafu uangalie mlango wa uani. Nyumba nyingi za namna hiyo mlango wa nyuma umezibwa na pipa la maji, kabati bovu na godoro la mpangaji aliyehama 2019. Nusu ya usalama wa mwanao iko nyuma ya hilo godoro.

Assalaam aleykum. Twakaa ghorofa ya tano, Kongowea, Mombasa. Watoto wangu wana miaka 6 na 9. Roshani ina grili, ngazi ni moja tu, na lifti ikifanya kazi ni bahati. Sisi wa juu mpango wetu ni upi? — Baba Mwenye Wasiwasi

Waaleykum salaam. Lifti isahau, hata siku inayofanya kazi. Huku Tanzania ni 114, kwenu ni 999 au 112, wafundishe watoto wote wawili. Wa miaka 9 akariri na jina la jengo.

Moto ukiwa nyumbani kwako, tokeni wote na uufunge mlango nyuma yenu. Wengi hukimbia na kuuacha wazi. Januari 2022, mtaa wa Bronx, New York, hita ya umeme iliwasha moto kwenye nyumba moja ya ghorofa za chini katika jengo la ghorofa 19. Moto wenyewe haukufika mbali. Lakini mlango wa nyumba ile, uliotakiwa kujifunga wenyewe, ulibaki wazi, na wa kwenye ngazi huko juu pia haukufunga. Moshi ukapanda kama kwenye bomba la jiko. Walikufa watu 17, 8 wao watoto, wengi kutoka familia za Kigambia, na walikuwa ghorofa ambazo hazikuungua hata pazia.

Kwa hiyo moto ukiwa kwa mwingine na ngazi zimejaa moshi, usiwapitishe watoto humo kwa ujasiri. Rudini ndani, fungeni mlango, vitambaa vibichi chini yake, nendeni roshani mpunge kitu chenye rangi. Grili ya roshani iwe na sehemu inayofunguka, ufunguo karibu lakini watoto wa kuchezacheza wasiufikie. Ghorofa ya tano mlango wa roshani ni wa waokoaji kuwachukulieni, si wa kuruka.

Jumamosi hii shukeni ngazi kwa miguu, nyote, mkihesabu vitu vilivyowekwa njiani: baiskeli, gunia la makaa, jiko la mtu. Mpelekee keateka, yaani msimamizi wa jengo, hesabu hiyo. Kisha pandeni mpaka juu mwone kama mlango wa paa una kufuli, na nani ana ufunguo. Nadhani mwajua jibu.

Afande, mimi ni bibi, nalea mjukuu wa miaka 4 hapa Muheza. Nyumba ya jirani iliungua mwezi wa tatu. Tangu hapo mtoto akisikia harufu ya moshi anaingia uvunguni. Nikimzungumzia moto analia. Nimfundishe vipi bila kumtia hofu zaidi? — Bibi wa Muheza

Bibi, mlezi mwenzangu, hapo uvunguni ndipo tulipokuwa tukitafuta kwanza. Uvunguni, ndani ya kabati, nyuma ya mlango. Mtoto mdogo hukimbilia pale anapojificha akichapwa. Zamani niliwahi kuingia chumba chenye moshi nimevaa barakoa ya hewa, inavuma kama nyoka, kofia kichwani, tochi machoni. Mtoto aliniona na akazidi kurudi nyuma ukutani. Niliinama nikamwita kwa sauti yangu ya kawaida, "njoo kwa babu", wakati huo hata sijawa babu. Akaja. Mwonyeshe basi picha ya mzimamoto aliyevaa vyote hivyo, umwambie ndani yake kuna babu.

Usimfundishe moto, mfundishe mchezo. Wewe na mtu mwingine shikeni khanga, kila mmoja ncha zake, muitandaze hewani kwa kimo cha kiuno. Hiyo ni moshi. Mjukuu apite chini yake akitambaa, kichwa kisiguse khanga. Akigusa anarudi mwanzo. Kila mkicheza shusheni khanga kidogo. Siku ya tatu mchezo uanzie kitandani kwake, siku ya nne umwite akiwa uvunguni, atoke kwa sauti yako, apite chini ya khanga mpaka nje, mpaka mahali mlipochagua. Neno la kumwita liwe moja na lisibadilike. Sisi kwetu ni "Nje! Nje!" Usitumie neno moto kama linamliza.

Wangu naye ana miaka 4. Mara ya kwanza alisimama mlangoni akauliza kama bibi anakuja na ndizi. Mara ya tatu, taa zimezimwa, alitoka wa kwanza, akanipita, akafika kwa Mangi kama tulivyokubaliana. Nilipofika nikihema na kuhesabu vichwa, alikuwa ameshakopa pipi mbili kwa jina langu. Sekunde 55 jumla. Pipi nililipa.